Nilivyomfundisha Aidah Kugawanya

Jumamosi, 8 Novemba 2025

Leo nimesema uongo mdogo. Umekaa vizuri, haujamsumbua mtu.

Mjomba Ebong amekuja kutoka kijijini Mella na gunia la mihogo na habari mbaya. Binti yake Aidah, ambaye anakaa kwetu hapa Busia, upande wa Uganda, tangu mama yake afariki, amepata sifuri tena katika hesabu za kugawanya. Mwalimu ameandika kwenye daftari, kwa wino mwekundu, kwamba asipopita hesabu katika mtihani wa mwisho wa mwaka atarudia darasa la nne. Mjomba akasema kama ni kurudia, hata Mella kuna shule. Nyanya yetu, ambaye kwa Kiteso tunamwita Tata, anakaa peke yake na mguu wake umekufa ganzi. "Mtoto akianguka mtihani, mimi nakuja kuchukua yeye," akasema. "Tata nataka mtu wa kuchota maji."

Hakusema kwa ukali. Alisema huku akimenya muhogo.

Mama akauliza nani atamfundisha mtoto. Halafu akanitazama. Akasema si Paddy yuko, Paddy amesoma Kenya. Kwa Mama, mwaka mmoja niliosoma ng'ambo ya mpaka ni mwarobaini. Unatibu kila kitu.

Nikasema sawa. Kugawanya kwa njia ndefu? Hiyo ni rahisi sana. Nilisema hivyo kwa sauti, mimi ambaye nikiitwa kusoma somo kanisani nasingizia koo. Aidah alikuwa mlangoni. Alicheka mpaka nikaona pengo la jino lake.

Ana miaka tisa. Nina kumi na tano. Nilidhani nina nafasi ya kutosha.

Jumapili, 9 Novemba

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nyumbani hakuna atakayejisumbua kukisoma. Mama ni Mteso, Baba ni Msamia. Kiswahili chao ni cha sokoni, kinanunua na kuuza, hakifungui madaftari. Kwa hiyo hapa naweza kusema.

Sijui kugawanya kwa njia ndefu. Sijawahi kujua.

Ilikuwa hivi. Wakati wa korona shule za upande wetu zilifungwa karibu miaka miwili. Za Kenya zilipofunguliwa, Mama alinivusha. Nilikuwa mrefu, wakaniweka darasa la tano. Mwalimu Metrine, ambaye ndiye aliyenifanya nipende Kiswahili, aliuliza kama upande wetu tulishafanya kugawanya, maana darasa lake lilishamaliza. Watoto arobaini waligeuka kunitazama. Niliitikia kwa kichwa ili wageuke tena.

Mwaka uliofuata shule zetu zikafunguliwa. Nikarudi, nikatupwa darasa la sita pamoja na wengine. Mwalimu wa huku akasema wale waliosoma Kenya bila shaka walifanya kugawanya kule. Sikubisha. Kila upande uliamini nimefanya upande mwingine. Hesabu yenyewe ilinipita nikiwa njiani.

Tangu hapo naishi kwa kalkuleta na kukisia. Mtihani wa darasa la saba nilikisia vizuri mno. Sasa niko kidato cha pili na hakuna anayeuliza.

Mpango: nijifunze haraka kutoka kitabu cha Aidah, kisha nimfundishe. Nimekifungua. Ukurasa wa 60, halafu wa 69. Kurasa za katikati mtu alizichana akafungia njugu.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimegundua njia yangu mwenyewe. Imenijia njiani nikitoka shule.

Unagawanya kila tarakimu peke yake. 639 kwa 3: sita kwa tatu ni mbili, tatu kwa tatu ni moja, tisa kwa tatu ni tatu. Jibu 213. Kalkuleta imekubali. 84 kwa 4 ni 21, imekubali. 96 kwa 3 ni 32, imekubali tena. Nimeshangaa kwa nini walimu wanapoteza chaki kwa ile ngazi yao ndefu inayoshuka mpaka chini ya ubao.

Nimempa Aidah maswali sita. Ameyapata yote. Kweli, niliyachagua mimi. Alikimbia jikoni kumwambia Mama kwamba Paddy anafundisha kuliko mwalimu. Mama akaniongezea kipande cha nyama.

Nilikila.

Alhamisi, 13 Novemba

Jaribio la darasani. Aidah amepata moja kwa kumi. Hiyo moja ilikuwa 48 kwa 4.

Nilimwuliza alifanyaje 72 kwa 3. Akasema saba kwa tatu ni mbili, na moja ikabaki, na Paddy hakuwa amesema moja iliyobaki inakaa wapi. Basi akaiandika pembeni. Labda mwalimu ataihitaji, akasema. Halafu mbili kwa tatu haikuwezekana, akaandika sifuri. Jibu 20, na moja pembeni, imepumzika.

Nilimwambia mwalimu wake anatumia namba za kizamani.

Ameamini. Hilo ndilo linaloniuma. Angebisha ningepata nafuu.

Jumamosi, 15 Novemba

Nyuma ya nyumba yetu kuna ukuta wa mabati unaofika kifuani, na nyuma ya mabati anakaa Hajara. Kila asubuhi anavuka kwenda shule Kenya na jioni anarudi na alama za hesabu ambazo mama yake anazitangaza mpaka kwa wauza samaki. Ni jirani yangu kwa miaka mitano sasa. Nimemwambia "mm" kama mara mia mbili.

Kawaida Aidah ndiye mdomo wangu. Dukani kwa Nurudin mimi nasimama, yeye anasema: chumvi, kiberiti, na Paddy anakusalimia. Kwa Hajara pia yeye ndiye anayepeleka maneno, hata ambayo sikuyasema. Mwezi uliopita alimwambia kwamba naona hijabu yake ya kijani ni nzuri. Ilikuwa kweli. Nilijificha chooni.

Leo Aidah amemwambia kuhusu moja kwa kumi. Hajara akaegemea mabati, akaniita mimi. Akasema nimlete mtoto kwake jioni, siku tatu tu, atashika. "Kugawanya si ngumu, Paddy. Ni kupanga tu."

Nilijibu kwa maneno tisa. Ni mengi kuliko niliyowahi kumwambia kwa mwaka. Nilisema: asante, lakini sisi tunatumia mfumo wa Uganda, ni tofauti.

Si tofauti.

Hajara akanitazama. "Msee, namba zinavuka mpaka bila kitambulisho," akasema, kwa ile sheng ya shuleni kwake. Kisha akaenda kuanua nguo.

Nitaandika sababu, kwa kuwa hakuna anayesoma. Aidah akikaa na Hajara jioni moja tu, atajua nilimfundisha uongo. Na Hajara atajua kwamba sijui. Watu wanaoniona kuwa kitu duniani ni wawili, na wa pili sina hakika naye.

Jumapili, 16 Novemba

Njia mpya. Punje za mahindi.

156 kwa 12. Tulipanga vyombo kumi na viwili uani: vikombe, vifuniko, sahani ya sabuni, kofia ya Baba. Aidah alizunguka akitia punje moja moja, akiviita vyombo kwa majina ya watu, kana kwamba anagawa chakula msibani. Kila chombo kikapata kumi na tatu. Sahihi kabisa. Alikaa chini akavitazama. Akasema kwa punje anaona kila mmoja anakokwenda, kwenye karatasi wanapotea.

Tulitumia karibu nusu saa kwa swali moja.

Tukajaribu 175 kwa 12. Kumi na nne kila mmoja, zikabaki saba. Kuku wa kina Hajara akapita chini ya mabati akazila zote saba kabla hatujaandika. Aidah aliandika: 14, baki kwa kuku.

Nilicheka mpaka Mama akatoka kuona nani anacheka. Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini.

Lakini mtu haingii mtihani na vikombe.

Jumatano, 19 Novemba

Mpango wa leo ulikuwa mzuri. Shule yetu ilitutoa mapema. Nikajua darasa la Aidah lina hesabu mchana, na dirisha lao linatazama ua wa maua. Nikainama ndani ya maua. Nilitaka kumsikiliza mwalimu wake mara moja tu, mara moja inamtosha mtu wa kidato cha pili.

Mwalimu alikuwa anarudia kwa ajili ya mtihani. Nilimsikia vizuri. Hatua ni nne, akasema. Ya kwanza, gawa. Watoto wakaimba: gawa. Ya pili, zidisha. Wakaimba: zidisha. Ya tatu, toa. Wakaimba: toa. Ya nne...

Hapo askari wa geti, mzee Nathan, alinishika kwenye kola ya shati. Akauliza naiba nini. Akauliza tena, kwa Kisamia, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza. Lugha zote nazijua, zote zilikuwa zimetoka. Mwishowe Aidah akaniona kupitia dirishani, akapaza sauti: "Huyo ni kaka yangu, haongeagi, mwache tu."

Darasa lote lilicheka. Alipotoka alinishika mkono mpaka nyumbani. Hakuniuliza nilikuwa natafuta nini ndani ya maua.

Nina hatua tatu. Zimebaki siku saba kabla ya mtihani.

Ijumaa, 21 Novemba

72 kwa 3. Gawa: saba kwa tatu, mbili. Zidisha: mbili mara tatu, sita. Toa: saba toa sita, moja. Mpaka hapo tulikwenda kama maji.

Lakini ile mbili ya 72 ilibaki juu, peke yake, ikitutazama. Aidah akauliza, na huyu? Nikasema huyu anasubiri. Akauliza, mpaka lini? Nikasema inategemea.

Tukajaribu swali lingine. Tukakwama palepale. Kila swali lina mtu aliyeachwa juu.

Ningeweza kwenda kwenye mabati nikauliza neno moja. Hatua ya nne ni ipi, Hajara? Nilikwenda. Alikuwa anafua, akaniona, akafuta mikono kabisa, akasubiri. Nikamwambia kuku wake ametaga upande wetu. Hakuwa ametaga.

Aidah amerudi kwenye punje zake. Sasa anatembea nazo mfukoni. Ndipo nilipopata wazo, na nakiri lilinifurahisha. Nikamwambia: kama huwezi kuingia na punje, zichore. Chora nukta. Chora duara kumi na mbili, gawa nukta humo ndani. Alinitazama kama nimemfungulia mlango. Akasema, Paddy, hiyo hata mwalimu hajui.

Jumatano, 26 Novemba

Mtihani wa hesabu. Nilimsubiri getini, mbali na mzee Nathan.

Alitoka na vidole vyeusi kwa penseli. Akasema alipata maswali matatu, ana hakika nayo yote, alihesabu nukta mara mbilimbili. Alichora mpaka nyuma ya karatasi. Halafu kengele ikalia.

Nikauliza yalikuwa mangapi. Ishirini, akasema. Nane yalikuwa ya kugawanya, na alianza na hayo kwa sababu ndiyo tuliyojiandaa. Ya kujumlisha na kuzidisha, ambayo anayajua kama jina lake, hakuyafikia.

Nikasema umefanya vizuri. Akasema anajua.

Alhamisi, 4 Desemba

Ripoti imetoka. Hesabu kumi na tano kwa mia. Kiingereza amepata themanini na moja. Maoni ya mwalimu mkuu ni maneno mawili, kwamba arudie darasa.

Karatasi ya mtihani imekuja pia. Mama aliifungua mezani. Nukta, nukta, nukta, kama mtu ameangusha ulezi. Majibu matatu yote sahihi. Pembeni mwalimu ameandika: "Njia iko wapi?"

Mama aliitazama muda mrefu. Alisema, mtoto hii alifanya kazi mingi. Kisha akatoka nje na simu. Nilimsikia akisema "Ebong" na baadaye sikusikia kitu.

Aidah ameuliza kama Mella kuna umeme shuleni. Nikasema sijui. Hiyo nimesema kweli.

Mpango: Jumamosi Mjomba akifika nitamwambia. Nimeandika sentensi na kuifanyia mazoezi mbele ya ukuta. "Mjomba, kosa ni langu, sijui kugawanya." Maneno sita. Nina uwezo wa tisa. Akijua kosa si la mtoto, huenda akamwacha mwaka mmoja zaidi. Mama naye ameniambia, bila kujua, kwamba Ebong angesikia sababu ya maana angelegea.

Jumamosi, 6 Desemba

Mjomba alifika saa nne na pikipiki ya kukodi. Alikunywa chai. Nilikaa mbele yake na sentensi yangu mdomoni. Mama alitoka kufunga nguo za Aidah.

Mjomba ndiye aliyeanza. Akauliza, "Paddy, wewe nafundisha yeye kila siku?" Nikafungua mdomo. Kweli nilifungua, niliuhisi umefunguka.

Aidah akajibu. Kwa mazoea tu, kama dukani. Akasema, "Paddy alinifundisha kila siku, hata Jumapili, mimi ndiye mzito wa kichwa."

Mjomba akainuka akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kama wanavyosalimiana watu wazima. "Asante, mtoto yangu. Wewe umefanya yako." Macho yake yalikuwa mekundu. Nikameza maneno yote sita na chai ya maziwa.

Wakati anafunga mzigo kwenye pikipiki, Hajara alizunguka mabati akaja kumuaga Aidah. Alikuwa na kijiti. Akachuchumaa, akaandika vumbini 72 kwa 3. Gawa, zidisha, toa. Aidah akasema hizo anazijua, lakini huyu wa juu anasubiri. Hajara akasema hasubiri, unamshusha. Akamshusha, akamweka pembeni ya ile moja. Ikawa kumi na mbili. Kumi na mbili kwa tatu, nne. Jibu 24.

"Kumbe anashuka," akasema Aidah.

Akachukua kijiti, akafanya 85 kwa 5 mwenyewe. Kumi na saba. Akafanya 156 kwa 12. Kumi na tatu. Mjomba alikuwa bado anakaza kamba. Hata dakika kumi hazikuisha.

Hajara hakuniangalia. Afadhali angeniangalia.

Aidah alipanda katikati, kati ya Mjomba na dereva. Alinigeukia. Akauliza, kwa upole kabisa, kama hiyo ndiyo hatua niliyokuwa nataka kumwonyesha, ila siku ziliisha.

Nikasema ndiyo, hiyo hiyo.

Pikipiki ikaenda. Mama aliingia ndani. Hajara alifuta vumbi kwa mguu na kurudi kwao.

Jumatatu, 8 Desemba

Nimetumwa chumvi kwa Nurudin. Nimesimama pale pale ninaposimama siku zote. Amehudumia mwanamke wa sukari, mtoto wa mafuta ya taa, dereva wa betri. Halafu akaniuliza, "Leo msemaji wako yuko wapi?"

Nilirudi bila chumvi.

Mama alipika hivyo hivyo. Baba alisema chakula kizuri. Tulikula, na kiti cha Aidah kimewekewa ndoo juu yake.

Jumapili, 14 Desemba

Aidah amepiga kutoka Mella kwa simu ya Mjomba. Mama aliweka sauti ya juu, tukakaa uani tukiizunguka simu. Upande wa pili wa mabati Hajara alikuwa anaanika mashuka, na mikono yake ilisimama.

Aidah amesema anachota maji mara tatu kwa siku. Tata ni mzuri lakini analala jua likizama, na baada ya hapo hakuna wa kuongea naye. Shule ya huko ameiona kwa nje. Mtoto wa jirani amemwambia kwamba mwaka ujao mwalimu ataanza na sehemu, nusu na robo na kadhalika, na kwamba mwalimu huyo anachapa. Akauliza: Paddy, sehemu unazijua?

Hajara alisogea kwenye mabati. Alininyooshea mkono, wazi, kwamba nimpe simu.

Niligeuka nikampa mgongo. Nikasema sehemu nazijua sana, ni rahisi kuliko kugawanya. Nikasema nitakuja Mella wiki ya Krismasi, siku tatu zinatosha, asimwulize mtu mwingine asije akachanganyikiwa.

Aidah akasema sawa, hatamwuliza mtu, atanisubiri. Tata atanipikia atapa, ugali wetu wa ulezi.

Mama alinigusa bega. Alisema Mungu anibariki.

Nimeshaanza maandalizi. Nimepata njia, na haina ngazi ndefu: unajumlisha juu na juu, chini na chini. Nimejaribu nusu na nusu. Nimepata robo mbili. Imetoka mara ya kwanza, bila kufuta.

Aidah atafurahi.